Mjamzito asinyimwe chumvi kwa sababu ya miguu kuvimba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu ushauri uliochapwa hivi karibuni katika ukurasa wa afya wa gazeti lako, kwamba mama mjamzito aliyeanza kuvimba miguu aache chumvi kabisa mpaka atakapojifungua. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya upande wa Temeke kwa miaka 31, na sitaficha kwamba katika miaka yangu ya mwanzo niliwapa akina mama wengi ushauri huohuo, tena kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo nilivyowasikia walionitangulia kazini wakisema. Kwa hiyo siandiki kumlaumu aliyeuandika. Naandika kwa sababu ushauri ule unakwenda kinyume na jinsi mwili wa mjamzito unavyofanya kazi, na kwa sababu safari hii umeingia nyumbani kwangu.

Mke wa mwanangu, anayeishi Mbagala, ana mimba yake ya kwanza. Alipofika wiki ya 26 miguu ilianza kuvimba jioni, jambo la kawaida kwa mtu anayeshinda amesimama dukani katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari. Alikata ukurasa ule wa gazeti, akauhifadhi ndani ya kadi yake ya kliniki, na tangu siku hiyo hakutia chumvi katika chungu chake. Wiki tatu baadaye alikuja kwangu Mtoni. Alipoinama kunisalimu, "Shikamoo, mama," ilibidi ashike ukuta ili asianguke. Chakula kilikuwa kimemshinda kwa kukosa ladha, misuli ya miguu ilikuwa ikimkaza usiku, na juu ya hayo alikuwa ameuziwa katika duka la dawa vidonge vya kukojoza, bila cheti cha daktari, ili "maji yatoke miguuni". Nilimpima presha akiwa ameketi nikapata 100/60, na aliposimama ikashuka zaidi. Kesho yake nilimsindikiza kliniki. Mkojo haukuwa na protini, mtoto alikuwa akicheza vizuri, na daktari akamsimamishia vidonge vile papo hapo na kumwambia arudi kula kama alivyokuwa akila. Miguu yake, nieleze hili mapema, ilikuwa imevimba vilevile kama siku aliyoanza kuacha chumvi.

Ili msomaji aone kwa nini haikuweza kuwa vinginevyo, sina budi kueleza habari ya homoni. Nitajitahidi kuieleza kwa maneno ambayo ningeyatumia kwenye benchi la kliniki.

Juu ya kila figo kumekaa tezi ndogo iitwayo adrenali. Ganda la nje la tezi hiyo hutoa homoni kadhaa, na mbili kati yake zinatuhusu hapa: kortisoli, inayousaidia mwili kukabili shida kama njaa na ugonjwa, na aldosteroni. Aldosteroni ndiyo mlinzi wa chumvi mwilini. Kazi yake ni kuziamuru figo zirudishe sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, kwenye damu badala ya kuiacha ipotee na mkojo. Ilitambuliwa London mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait, ambao baadaye walioana, wakisaidiana na wataalamu wa Uswisi, na kabla ya hapo waganga walijua tu kwamba mtu ambaye tezi hizo zimekufa hudhoofika, huishiwa chumvi na maji, na hatimaye hufa. Ugonjwa huo ulielezwa na Thomas Addison wa London mwaka 1855, karibu miaka 100 kabla ya homoni yenyewe kupatikana.

Ukubwa wa kazi ya mlinzi huyo hauonekani mpaka mtu apige hesabu. Figo za mwanamke asiye na mimba huchuja kila siku kiasi cha chumvi kinachozidi kilo moja, kisha huirudisha karibu yote kwenye damu. Kinachotoka na mkojo ni gramu chache tu, sawa na alichokula. Mwanamke akishika mimba, uchujaji wa figo huongezeka kwa karibu nusu. Chumvi inayopita katika chujio hufika karibu kilo moja na robo tatu kwa siku moja. Iwapo figo zitazembea hata kwa sehemu ndogo ya mzigo huo, mama atapoteza kwa siku chache chumvi ambayo hawezi kuifidia kwa chakula cha aina yoyote. Kwa hiyo tangu wiki za mwanzo kabisa mwili wa mjamzito unakabiliwa na hatari ya kupoteza chumvi, si ya kujaa chumvi, na hapo ndipo homoni za uzazi zinapoingia katika habari hii, moja ikivuta huku na nyingine ikivuta kule.

Nianze na estrojeni. Homoni hii hulifanya ini la mama litengeneze kwa wingi protini iitwayo anjiotensinojeni. Figo nazo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho huikata protini ile. Kipande kinachopatikana hukatwa tena, hasa katika mapafu, na kuwa anjiotensini ya pili. Na anjiotensini hiyo ndiyo inayokwenda kuigonga tezi ya adrenali na kuiambia itoe aldosteroni. Estrojeni ikipanda, malighafi ya mnyororo huu wote hupanda nayo. Kuna jambo hapa ambalo hunishangaza hadi leo. Estrojeni ya mimba hutengenezwa na kondo la nyuma, lakini kondo haliwezi kuitengeneza peke yake tangu mwanzo. Hutegemea malighafi inayotoka katika tezi za adrenali za mama, na kwa sehemu kubwa katika tezi za adrenali za mtoto mwenyewe, ambazo tumboni huwa kubwa ajabu ukilinganisha na mwili wake. Maana yake ni kwamba mtoto aliye tumboni ana mkono wake katika hifadhi ya chumvi ya mama yake.

Estrojeni huongeza pia protini inayobeba kortisoli katika damu, na ndiyo sababu kipimo cha kortisoli kwa mjamzito aliye karibu kujifungua huonesha kiasi cha mara 2 hadi 3 ya kawaida bila yeye kuwa na ugonjwa wowote. Sehemu iliyo huru ya kortisoli hupanda vilevile, lakini figo zina kimeng'enya kinachoigeuza ili isijifanye aldosteroni, na kondo lina kimeng'enya hichohicho ili kortisoli ya mama isimmiminikie mtoto. Sitakaa sana hapo, maana jambo lililo kiini cha barua yangu ni projesteroni.

Projesteroni ndiyo homoni inayoishikilia mimba. Wiki za kwanza hutoka katika kifuko cha yai, yaani kile kinachobaki kwenye ovari yai likishatoka, kisha kondo hulichukua jukumu hilo, na kuelekea mwisho wa mimba kondo hutoa takriban miligramu 250 kwa siku, yaani kama mara 10 ya kile ambacho kifuko cha yai hutoa kwa siku katika mwezi wa kawaida. Kwa umbo lake projesteroni inafanana sana na aldosteroni, na kwa hiyo katika figo hukaa mahali palepale ambapo aldosteroni ingekaa. Lakini ikishakaa, haifanyi kazi. Mfikirie mtu asiye karani aliyekalia kiti cha karani dirishani. Foleni ipo, kiti kimekaliwa, ila risiti haziandikwi. Sodiamu ambayo ingerudishwa kwenye damu huachwa iende zake na mkojo. Projesteroni, kwa maneno mengine, ni dawa ya kukojoza ambayo mwili wa mjamzito hujitengenezea wenyewe, usiku na mchana, kwa miezi 9.

Jambo hili halikubuniwa mezani. Mwaka 1958, Landau na Lugibihl wa Chicago walionesha kwamba projesteroni huwafanya watu wapoteze sodiamu kwa kuizuia aldosteroni. Walilithibitisha kwa wagonjwa wa ugonjwa ule wa Addison, ambao hawana aldosteroni yao: mgonjwa wa namna hiyo akipewa projesteroni peke yake hakupoteza chumvi zaidi, lakini akiwa amepewa kwanza homoni ya kushika chumvi, projesteroni iliivuruga kazi yake. Hapakuwa na karani, basi hapakuwa na kiti cha kugombea. Aliyelielewa jaribio hilo ameielewa nusu ya habari hii. Ukaribu huo wa maumbo ndio unaofanya baadhi ya dawa zinazoizuia aldosteroni, kama spironolaktoni wanayopewa wagonjwa wa moyo na ini, ziwe za ukoo mmoja na projesteroni.

Sasa mwili wa mama hujiteteaje? Hujitetea kwa kuleta makarani wengi zaidi. Figo zikihisi kwamba chumvi inapungua, na kwamba mishipa ya damu, ambayo katika mimba hulegea na kupanuka, haijajaa vya kutosha, huongeza renini. Ini, kwa msukumo wa estrojeni, tayari limeshaongeza malighafi. Na tezi ya adrenali hutoa aldosteroni mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, hata mara 5 au zaidi katika miezi ya mwisho. Mtu asiye na mimba akikutwa na kiwango kama hicho, daktari angetafuta uvimbe katika tezi, naye mgonjwa angekuwa na presha ya juu, na potasiamu, madini ambayo aldosteroni huyatoa na mkojo, ingekuwa imeshuka. Mjamzito mwenye afya hana hata kimoja cha hivyo. Presha yake katikati ya mimba hushuka kidogo chini ya ile aliyokuwa nayo kabla ya kushika mimba, na potasiamu yake hubaki mahali pake, kwa sababu aldosteroni nyingi inapambana na projesteroni nyingi na mizani inakaa sawa. Hata projesteroni yenyewe, sehemu yake ndogo hugeuzwa nje ya tezi za adrenali na kuwa homoni nyingine inayoshika chumvi, kana kwamba mwili umehakikisha kwamba anayebomoa anajenga kidogo pia.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza kasoro ya urithi isiyo ya kawaida, ambayo naiona kuwa ushahidi mzito kuliko wote. Katika ukoo mmoja, kiti chenyewe cha aldosteroni kilikuwa kimebadilika umbo kidogo, kiasi kwamba projesteroni ikikikalia haikukizuia tena bali ilikifanyisha kazi. Yule asiye karani alianza kuandika risiti. Wanawake wa ukoo huo waliokuwa na kasoro hiyo, walipopata mimba, presha yao ilipanda vibaya sana kila mara, ingawa aldosteroni yao ilikuwa chini. Kwao projesteroni ya mimba ilikuwa inakusanya chumvi. Kwa wanawake wengine wote ulimwenguni, projesteroni huitoa.

Naomba msomaji arudi sasa kwa mke wa mwanangu akiwa na maelezo hayo mkononi. Alikuwa na projesteroni inayomtoa chumvi, jasho la Februari linalomtoa chumvi, vidonge vya kukojoza vinavyomtoa chumvi, na chungu kisichotiwa chumvi. Tezi zake za adrenali zilikuwa zinapigana peke yake dhidi ya pande nne.

Na miguu je? Katika mimba nzuri mwili wa mama hujiongezea maji ya lita 6 hadi 8, na maji ya damu pekee huongezeka kwa kadiri ya asilimia 40 hadi 50. Ongezeko hilo ndilo linalolilisha kondo, ndilo linalompoza mama, na ndilo akiba yake siku ya kujifungua atakapopoteza damu. Sehemu ya maji hayo hushuka miguuni kwa sababu tumbo limeibana mishipa inayorudisha damu kutoka chini, na kwa sababu protini ya damu imezimuliwa. Mama akilala ubavu wa kushoto au akiinua miguu, uvimbe huo hupungua asubuhi. Kuunyima mwili chumvi hakuliondoi tumbo juu ya mishipa.

Isije ikadhaniwa kwamba nawahimiza wajawazito wale chumvi kwa pupa. Hesabu yenyewe inakataza. Sodiamu yote ambayo mama na mtoto hujiwekea katika mimba nzima ni takriban gramu 20, sawa na gramu 50 hivi za chumvi ya mezani, yaani vijiko 9 au 10 vya chai kwa miezi 9. Ukigawanya kwa siku, unapata kama sehemu moja ya tano ya gramu. Mlo wa kawaida wa mjini hapa unatosha na kusaza: mkate, chapati, supu ya asubuhi, mchuzi wa papa mkavu, mihogo ya kukaanga, embe bichi la chumvi na pilipili ambalo wajawazito hulitamani sana. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote wasizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na wengi wetu tunazidisha. Mjamzito aliyekuwa na presha au ugonjwa wa figo kabla ya mimba anapaswa kumfuata daktari wake, si mimi wala gazeti. Ninachokipinga ni kumwambia mama mwenye afya aache chumvi kabisa kwa sababu ya miguu, kana kwamba miguu ni kipimo.

Baya zaidi ni kwamba ushauri ule ulitolewa kwa jina la kuzuia kifafa cha mimba. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, maana kifafa cha mimba nimekiona kwa macho yangu, na kwa nchi yetu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya uzazi, pamoja na kutokwa na damu. Katika ugonjwa huo mizani niliyoieleza huvurugika, lakini si kwa namna ambayo mwandishi alidhani. Mishipa ya damu ya mjamzito mwenye afya huwa haitishiki na anjiotensini, ambayo kwa watu wengine huibana mishipa na kupandisha presha. Mwaka 1973 watafiti wa Dallas, Marekani, walionesha kwamba ilihitajika anjiotensini nyingi zaidi kumpandisha presha mjamzito kuliko mtu mwingine, na kwamba wale ambao baadaye walipata ugonjwa walikuwa wameipoteza kinga hiyo wiki nyingi kabla ya presha kupanda. Renini na aldosteroni kwa mgonjwa huyo huwa chini kuliko kwa mjamzito mwenye afya. Damu ndani ya mishipa yake huwa pungufu, ingawa mwili umevimba, kwa kuwa maji yamevuja nje ya mishipa. Kumnyima chumvi na kumkojoza mama wa namna hiyo ni kumpunguzia damu ambayo tayari imepungua.

Dhana ya kwamba chumvi huleta kifafa cha mimba ilijaribiwa zamani. Mwaka huohuo wa 1958, nchini Uingereza, Margaret Robinson alieleza habari za wajawazito zaidi ya 2,000, nusu wakiambiwa wapunguze chumvi na nusu waongeze. Walioambiwa waongeze ndio waliopata ugonjwa huo kwa uchache. Taratibu za utafiti ule hazikuwa kali kama zinazodaiwa leo, na sitaki uchukuliwe kuwa ruhusa ya kula chumvi kama dawa. Lakini majaribio mawili makini zaidi ya baadaye huko Uholanzi, nchi ambayo kuwapunguzia wajawazito chumvi lilikuwa jambo la kawaida, yenye jumla ya wanawake 603, hayakuonesha kwamba kupunguza chumvi kulimkinga mama na ugonjwa. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kupunguza chumvi katika mimba kwa nia ya kuzuia kifafa cha mimba hakupendekezwi, na kwamba dawa za kukojoza nazo hazipendekezwi kwa nia hiyo. Inasikitisha kwamba mwaka huu bado tunachapa kinyume chake.

Kuna hasara nyingine ambayo mwandishi hakuiwaza. Chumvi tunayonunua madukani hutiwa madini joto, na kwa kaya nyingi za Dar es Salaam hiyo ndiyo njia kuu ya madini hayo kuingia mwilini. Mahitaji ya mama hupanda katika mimba, kutoka mikrogramu 150 hadi 250 kwa siku, kwa kuwa ubongo wa mtoto unayategemea. Mama akiitupa chumvi ameyatupa na madini joto. Tena nimewahi kuwakuta akina mama walioacha chumvi kwa uaminifu mkubwa huku maharage yao wakiyachemsha kwa magadi, wasijue kwamba magadi nayo ni sodiamu. Sikuwacheka, maana hakuna aliyewaeleza. Waliambiwa waache, hawakuambiwa wanaacha nini wala kwa nini.

Mama ninayemkumbuka kuliko wote katika kazi yangu alikuwa na umri wa miaka 22, mimba ya pili. Alikuja kliniki akiwa na miezi 6 na miguu iliyovimba kidogo, na aliyekuwa zamu alimwambia apunguze chumvi. Akatii. Uvimbe ukapungua, pengine kwa sababu alikuwa amepumzika, naye akaona kwamba amepona. Kwa hiyo aliruka mahudhurio mawili, kwa kuwa nauli ilikuwa ngumu na dalili aliyoijua ilikuwa imeondoka. Aliletwa usiku na mumewe kwa bajaji, akilalamika kichwa kinampasuka na macho yana ukungu, na maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia. Presha yake ilikuwa 170/115 na mkojo ulikuwa umejaa protini. Miguu yake, Ndugu Mhariri, haikuwa imevimba kabisa. Alipata degedege mikononi mwetu kabla hatujamaliza kumwandikia rufaa. Magnesiamu salfeti ilimwokoa yeye, mtoto hatukumpata. Alipozinduka aliniuliza kosa lake lilikuwa nini, kwani chumvi alikuwa ameiacha. Swali hilo sijapata kulijibu vizuri mpaka leo, na barua hii ni sehemu ya jibu ambalo ningempa.

Hakukosea yeye. Alipewa kipimo kibaya. Aliambiwa aitazame miguu, wakati kinachopaswa kutazamwa ni presha inayofika 140/90 au kuzidi baada ya wiki ya 20, protini katika mkojo, kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu, maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu, na uvimbe unaokuja ghafla usoni na mikononi. Hayo hayaonekani kwenye chungu cha mchuzi. Yanaonekana kwa kifaa cha kupimia presha na kijiti cha kupimia mkojo, na vyote viwili vinapaswa kumgusa mama kila anapohudhuria kliniki. Nawasihi wauguzi wenzangu vijana walio kazini, hata foleni iwe ndefu namna gani, wasimruhusu mama aondoke bila vipimo hivyo kwa sababu tu miguu yake inaonekana mizuri. Na wauza maduka ya dawa wasimuuzie mjamzito vidonge vya kukojoza bila cheti. Mwili wake tayari unatengeneza dawa hiyo, na umejipangia kwa uangalifu mkubwa jinsi ya kuifidia.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni moja. Naomba masahihisho yachapwe katika ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule na si pembeni, yakisema kwamba mjamzito mwenye afya aendelee na chumvi ya kawaida yenye madini joto bila kuizidisha, asitumie dawa ya kukojoza bila kuandikiwa na daktari, na kwamba yeyote aliyeacha chumvi kwa kusoma makala ile aende kliniki wiki hii akapimwe presha na mkojo, hata kama hajisikii kuumwa. Wapo waliokata ukurasa ule na kuuweka ndani ya kadi zao kama alivyofanya mke wa mwanangu. Ningependa wapate wa pili wa kuweka mahali pake.

Wako katika kazi,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.